Fungu Lililoachwa Shambani

Masomo: Kutoka 23:10–11, Ayubu 38:39 hadi 39:30, Ruthu 2



Juma hili naomba tumtazame kiumbe ambaye huenda hajawahi kutajwa katika ibada zetu. Ni nzi mwindaji anayeishi kwenye malisho ya kusini mwa Uingereza, ya Wales, na ya nchi nyingine za Ulaya. Wataalamu wa wadudu humwita Asilus crabroniformis, jina alilopewa mwaka 1758 na Carl Linnaeus, Mswidi, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, aliyetumia maisha yake kuorodhesha mimea na viumbe vya dunia. Ni mmoja wa nzi wakubwa kuliko wote katika nchi hizo mbili. Urefu wake hufika sentimita mbili na nusu. Kifua chake ni cha hudhurungi, na tumbo lake ni jeusi upande wa mbele na la manjano kali upande wa nyuma, hata mtu akimwona ghafla hudhani ni mavu, yule nyigu mkubwa, akarudi nyuma. Kumbe hana mwiba wa kuchoma, wala hana ugomvi na binadamu. Sura ile ni kinga yake tu.

Ugomvi wake ni na wadudu wenzake. Hutua mahali palipo wazi akatulia, macho yake makubwa yakifuata kila kinachopita. Akipita panzi, nzi au dundu, huchomoka na kumdaka kwa miguu yenye nguvu na miiba, kisha humdunga kwa mdomo mgumu uliochongoka. Mate yake yana sumu inayomlegeza aliyekamatwa na kuziyeyusha nyama zake za ndani, naye hunyonya mpaka libaki ganda tupu. Usoni ana kichaka cha nywele ngumu zinazoyakinga macho yake wakati windo linapotapatapa. Jamii ya nzi hawa, Asilidae, ina aina zaidi ya 7,000 duniani, na Afrika ina wake wengi. Tunapita karibu nao kila siku bila kuwajua.

Huyu wa Ulaya ana kiti anachokipenda: juu ya kinyesi cha ng'ombe. Hapo huota jua na kuvizia, kuanzia Julai hadi Septemba, wengine hadi Oktoba. Jike hutaga mayai kwenye kinyesi hicho au kwenye udongo wa karibu. Mabuu yake hukulia ardhini, yakiaminika kula mabuu ya dundu wa samadi, wale wanaokuja kula kinyesi na kukizika. Kwa hiyo maisha yake yote yanasimama juu ya kitu ambacho mwenye ng'ombe anakiona ni uchafu. Ng'ombe akila, akaacha kinyesi, dundu hupata chakula. Dundu akizaa, nzi mwindaji naye hupata chakula. Meza yake ni masazo ya wengine.

Mungu wa simba na wa kunguru

Wengi wetu tumezoea kumsifu Mungu kwa ajili ya viumbe vizuri na vyenye faida: nyuki kwa asali yake, ng'ombe kwa maziwa yake, ua kwa uzuri wake. Neno la Mungu linatupeleka mbali zaidi ya hapo. Bwana alipomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hakumweleza sababu za mateso yake. Alimpitisha kati ya wanyama. Alimuuliza nani anamwindia simba jike na nani anamwandalia kunguru mlo wakati makinda yake yanapolia. Akamwonyesha mbuzi wa majabali wanaozaa pasipo mtu kuwaona, punda mwitu anayeucheka mji, nyati asiyekubali kulala zizini, mbuni, farasi wa vita, mwewe, na mwisho tai ambaye makinda yake hunywa damu.

Itazameni orodha hiyo, wapendwa. Ukimtoa farasi, hakuna mnyama hata mmoja hapo anayemfaa mkulima. Hawafugiki, hawakamuliwi, hawapandwi mgongoni. Kadhaa kati yao huishi kwa kuua. Bwana anawataja kwa undani, anajua saa ya kuzaa kwao na mahali pa kulala kwao, na hasemi popote kwamba wameumbwa kwa ajili ya Ayubu. Mwandishi wa Zaburi ya 104 naye anasema kwamba simba angurumapo usiku anamwomba Mungu chakula. Kama mngurumo wa simba unahesabiwa kuwa ni maombi, basi na mvizio wa nzi juu ya kinyesi, katika malisho ya mbali, uko mbele za Mungu yuleyule.

Hapa pana faraja kubwa, nami sitaki tuipite haraka. Kama thamani ya kiumbe ingepimwa kwa faida yake tu, mzee asiyeweza tena kulima angekuwa na thamani gani? Mtoto aliyezaliwa na ulemavu mzito je? Mgonjwa aliyelala miaka kitandani je? Mungu anayemjua tai na makinda yake hatupimi kwa kile tunachozalisha. Anatupenda kwa kuwa ametuumba, na katika Kristo amethibitisha upendo huo kwa damu ya Mwanawe.

Meza iliyoondolewa

Nzi huyu amepungua. Makazi yake yamekatikakatika, na serikali ya huko imemweka kwenye orodha ya viumbe wanaopaswa kupewa kipaumbele katika uhifadhi. Hakuna mtu aliyemchukia wala kumtangazia vita. Meza yake iliondolewa kidogo kidogo na watu wema waliokuwa wakifanya kazi zao.

Kwanza yalikwenda malisho. Kati ya miaka ya 1930 na 1984, Uingereza na Wales zilipoteza karibu asilimia 97 ya nyasi zao za asili za nyanda za chini. Palilimwa, pakatiwa mbolea ya kiwandani, pakapandwa nyasi za aina moja zinazonenepesha mifugo haraka. Watu walikuwa na kumbukumbu ya njaa ya wakati wa vita mioyoni, wakataka chakula cha kutosha. Nani atawalaumu kwa kutaka mkate?

Kisha ikaja dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi Mjapani, Satoshi Ōmura, alichukua udongo karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, katika mji wa Ito. Ndani ya udongo ule mlikuwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho kilikuwa na uwezo wa kutengeneza kemikali inayoua minyoo. William Campbell na wenzake katika kampuni ya Merck nchini Marekani waliifanyia kazi, ikapatikana ivermectin, iliyoanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Wafugaji wetu hapa wanaijua vizuri. Sindano moja huondoa minyoo ya tumboni, na hupunguza papasi, chawa na upele.

Lakini dawa hiyo haiishii mwilini mwa mnyama. Sehemu kubwa yake hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Mwaka 1987 Richard Wall na Les Strong wa Chuo Kikuu cha Bristol walichapisha utafiti wao kuhusu kinyesi cha ndama waliopewa dawa hiyo kwa namna inayoiachilia kidogo kidogo tumboni. Kinyesi cha ndama wasiotibiwa kilikuwa kimeoza na kwa sehemu kubwa kutoweka baada ya siku 100. Cha waliotibiwa kilikuwa bado kipo pale pale, karibu kizima, kwa sababu wadudu wa kukivunjavunja walikuwa wamekosekana. Bila mabuu ya dundu, mabuu ya nzi mwindaji hayana cha kula. Ndiyo maana dawa za aina hii zinahesabiwa miongoni mwa mambo yanayomtishia.

Zawadi ile ile

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mtu aondoke hapa akiilaani dawa. Mwaka ule ule wa 1987, kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itaitoa ivermectin bure kwa ajili ya kutibu usubi, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote itakapohitajika. Usubi ni ugonjwa unaoenezwa na visubi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Minyoo yake husambaa chini ya ngozi, ikaleta muwasho usiokoma, ikaikunja ngozi, na ikifika machoni huweza kumpofusha mtu kabisa. Yapo maeneo ya Afrika ambako watu walihama mabonde yenye rutuba kwa kuuogopa mto.

Ndugu zetu wa milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, wanaujua ugonjwa huu kwa majina ya wazazi wao. Huko, kama katika maeneo mengine ya Tanzania yenye usubi, wagawa dawa waliochaguliwa na vijiji vyao hupita nyumba kwa nyumba. Mtu husimamishwa kando ya fito iliyowekwa alama, urefu wake ukapimwa, akapewa idadi ya vidonge inayolingana nao. Dawa hiyo, ikiambatana na albendazole, imetumika pia kupambana na matende na mabusha. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Tu Youyou wa China aliyegundua dawa ya malaria. Wapo wazee wanaowaona wajukuu wao leo kwa sababu ya konzi ya udongo wa Kawana. Hiyo ni rehema ya Mungu, na inatupasa kushukuru.

Kumbe basi zawadi moja imehifadhi macho ya watu katika milima ya Mahenge, na imeiondoa meza ya kiumbe katika malisho ya Uingereza. Kosa haliko ndani ya kidonge. Angalieni tofauti ya mkono unaoitoa. Kwenye fito ya mgawa dawa kuna kipimo: huyu apewe vidonge hivi, yule hivi, mtoto mdogo sana na mama mjamzito wasipewe. Penye malisho, mara nyingi kundi zima lilidungwa kwa ratiba, mwenye minyoo na asiye na minyoo, ili hasara yoyote isipate hata upenyo. Kipimo kilipoondoka, zawadi ikawa mzigo kwa wengine.

Wasomi wa Uingereza walikadiria mwaka 2015 kwamba dundu wa samadi wanaiokolea sekta ya ng'ombe ya nchi yao pauni milioni 367 kila mwaka, kwa kuzika kinyesi, kurutubisha udongo, na kupunguza nzi na minyoo inayosumbua mifugo. Maana yake, mfugaji aliyetaka kuua kila mnyoo aliwapunguza pia watumishi waliokuwa wakimsaidia kupambana na minyoo hiyo hiyo bila malipo. Wahenga wetu walikwisha kuliona jambo hili: mtaka yote hukosa yote.

Sheria ya wapokeaji watatu

Turudi sasa kwenye kitabu cha Kutoka. Bwana anawaagiza Israeli walime na kuvuna miaka sita, na mwaka wa saba waiache ardhi ipumzike. Sababu inayotolewa hapo inapaswa kutushangaza. Maskini wa watu wake wale kitakachoota. Na kile watakachosaza maskini, waachiwe wanyama wa nyikani. Ndivyo ilivyo pia kwa shamba la mizabibu na la mizeituni.

Wapokeaji ni watatu: mwenye shamba, maskini, na mnyama ambaye hana mwenyewe. Huyu wa tatu hachinjwi, hakamuliwi, wala hapigi kura. Hawezi kusema asante. Mungu amemwekea fungu lake katika sheria, akaliandika jirani na fungu la maskini. Tena fungu hilo halitolewi kwa sadaka ya mkono. Linatolewa kwa kuacha. Mwenye shamba hatakiwi kwenda porini kuwalisha wanyama. Anatakiwa asichukue chote.

Hili ndilo neno ninalotaka mlibebe juma hili: mtu wa Mungu husaza kwa makusudi. Husaza kwa ajili ya anaowajua na kwa ajili ya asiowajua kabisa. Husaza kwa sababu anaamini kwamba Aliyempa mavuno ya mwaka wa sita anaweza kumfikisha mwaka wa nane. Anayekwangua hadi mwisho huenda ana bidii, lakini mara nyingi chini ya bidii hiyo kuna hofu: hofu kwamba Mungu hatatosha.

Tazameni pia mahali ambapo masazo yanaweza kufika. Boazi wa Bethlehemu aliwaambia wavunaji wake wachomoe masuke mengine kutoka kwenye miganda, wayaache chini kusudi, ili Ruthu ayaokote asikemewe. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, Mmoabi, mtu asiye na haki yoyote ya urithi pale. Boazi hakujua kwamba kutokana na mwanamke huyo atazaliwa Obedi, kwa Obedi Yese, kwa Yese Daudi, na kwamba Mathayo ataliandika jina la Ruthu katika ukoo wa Yesu Kristo. Wokovu wetu ulipita katika shamba ambalo mwenyewe hakulivuna lote. Kama Boazi angekuwa mtu wa kukwangua, Ruthu angerudi kwa Naomi mikono mitupu.

Sisemi kwamba kila tunachosaza kitazaa mfalme. Nasema kwamba hatujui Mungu anakusudia kufanya nini na kile tunachokiacha, kwa hiyo tusijipe mamlaka ya kukimaliza.

Kwa juma hili

Wapo wafugaji Uingereza ambao wamebadilika. Hupima kinyesi kwanza kabla ya kutibu, humtibu mnyama anayehitaji badala ya kundi zima, huchagua dawa isiyodhuru wadudu wa samadi pale inapowezekana, na huacha ng'ombe wachache wale nyasi sehemu zile zile ili kinyesi kipya kisikosekane. Hawajaacha kufuga. Wamekubali kipimo.

Nasi tuanzie tulipo. Wewe mfugaji, kabla hujadunga zizi zima, mwite afisa mifugo, uliza ni wepi walio na shida, fuata kipimo, na uzishike siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama. Mnunuzi wa maziwa hayo ni jirani yako, hata kama hutamwona kamwe.

Wewe mkulima wa kando ya mto, sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tuache mita 60 kutoka kwenye ukingo. Wengi tunaiona ni ardhi iliyolala bure. Iache. Ni fungu la samaki, la ndege, la anayechota maji chini yako, na la mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Wewe mwenye duka na mwenye kiwanda, hesabu faida yako, kisha uangalie kama ndani yake hamna jasho la mtu ambalo lilipaswa kubaki kwake. Wewe mwenye nyumba, msaidizi wako wa kazi ana siku yake ya kupumzika na kwenda kuabudu. Siku hiyo si yako kuivuna. Wazazi, msiijaze ratiba ya mtoto kuanzia alfajiri hadi usiku kwa masomo ya ziada, mkamnyima saa ya kucheza ambayo Mungu amempa. Nasi watumishi wa kanisa, tusiwakamue wajane kwa michango isiyo na mwisho, tukaita bidii hiyo uinjilisti.

Katika ibada ya nyumbani, someni pamoja Kutoka 23:10–11, kisha kila mmoja, hata watoto, ataje kitu kimoja atakachokiacha juma hili kwa ajili ya mwingine. Msichague kitu kilichooza wala kilichowashinda. Boazi aliacha masuke mazuri.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, Muumba wa simba na wa nzi, unafumbua mkono wako na kila kiumbe hushiba. Tunakushukuru kwa dawa ulizozificha udongoni, na kwa watu uliowapa akili ya kuzitafuta na moyo wa kuzitoa bure. Wakumbuke wagonjwa wa usubi na wote wanaoipoteza nuru ya macho yao. Uwape wagawa dawa wao nguvu ya kupanda milima. Utusamehe tulipovuna hadi pembeni kwa hofu, tukawanyima maskini fungu lao na viumbe vyako meza yao. Tupe imani ya kusaza. Tufundishe kipimo katika kazi zetu, katika biashara zetu na katika mazizi yetu, ili zawadi zako zisiwe mzigo kwa wengine kupitia mikono yetu. Tunaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu, mwana wa Daudi na wa Ruthu. Amina.